Maini, mate na papai bichi: kuona vimeng'enya vikifanya kazi jikoni Mombasa

Mwanafunzi anaweza kukariri ukurasa mzima wa vimeng'enya, enzaimu kama tunavyozoea kuviita darasani, yaani vitu vinavyoharakisha kazi za kemia ndani ya viumbe, akaandika kila kitu kwenye mtihani, na bado asijue kwa nini bibi yake hutia papai bichi kwenye nyama ya mishkaki. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi huyo, na wa mzazi atakayeombwa atoe sufuria na friji kwa siku moja na usiku wake. Hauhitaji maabara. Kinachohitajika ni kuelewa jambo moja kuhusu umbo, kisha kulijaribu kwa njia mbalimbali mpaka likae kichwani.

Vitu vyote hupatikana kwa mzunguko mmoja wa soko la Marikiti au la Kongowea. Nunua robo kilo ya maini ya ng'ombe, nusu kilo ya steki, unga wa muhogo, siki nyeupe, biringani moja, na papai bichi kabisa, lile gumu la kijani ambalo ukilikwaruza kwa ukucha hutoa utomvu mweupe. Papai lililoanza kuiva halifai. Utomvu wake umeshapungua na kimeng'enya kimepungua nao. Chukua na pakiti mbili za jeli: moja iliyoandikwa kuwa ina jelatini, nyingine ya mwani. Soma pakiti kwa makini, kwa sababu madukani zinapangwa pamoja na sura zao ni moja. Duka la dawa litakupa ayodini na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 au 6, ile ya kusafishia vidonda. Ya saluni ni kali zaidi, iache.

Kabla ya kushika kisu: ufa ndani ya protini

Anza na papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai bichi. Nakichagua kwa sababu umbo lake limechunguzwa atomi kwa atomi, na kwa sababu jioni utakula kazi yake.

Papaini ni protini, kama vilivyo karibu vimeng'enya vyote. Ni mnyororo mmoja wa asidi amino 212, vile vipande vidogo vinavyounganishwa kujenga protini. Mnyororo huo haukai umenyooka. Hujikunja na kujisokota mpaka ukawa bonge lenye pande mbili, na katikati ya pande hizo pana ufa. Ufa huo ndio eneo tendaji, mahali ambapo kazi ya kimeng'enya hufanyika. Kwenye ukuta mmoja wa ufa imekaa sisteini, asidi amino ya 25 katika mnyororo. Ukuta wa pili una histidini, ambayo ni ya 159. Hesabu mwenyewe: kwenye mnyororo zimeachana kwa nafasi 134. Kilichozileta zikakabiliana ni kule kujikunja tu. Mnyororo ukikunjuka, kila moja inakwenda zake, na ufa haupo tena ijapokuwa asidi amino zote 212 bado zipo.

Protini ya nyama inapoingia kwenye ufa hukatwa hivi. Histidini huichukua haidrojeni ya sisteini, na salfa ya sisteini ikabaki inatafuta wa kuungana naye. Salfa hiyo huishika kaboni iliyo kwenye kiungo kati ya asidi amino mbili za nyama, na kiungo kikakatika. Nusu moja ya protini huondoka papo hapo. Nusu ya pili hubaki imenasa kwenye salfa kwa muda mfupi mno, mpaka molekuli ya maji ije kuinasua. Baada ya hapo sisteini imerudishiwa haidrojeni yake, ufa uko wazi, na mteja mwengine anaingia. Kimeng'enya hakikupungua wala hakikugeuka kitu kingine.

Kile kinachoingia kwenye ufa huitwa sabstreti. Mwaka 1894 mwanakemia Mjerumani Emil Fischer aliufananisha uhusiano wa sabstreti na kimeng'enya na ufunguo na kufuli. Mwaka 1958 Mmarekani Daniel Koshland aliuboresha mfano huo: ufa haukutengenezwa kwa chuma, bali sabstreti inapoingia kuta husogea kidogo zikaishika vizuri zaidi. Mwalimu hutaka uyajue yote mawili. Asichotaka ni sentensi inayorudi kila mwaka, kwamba eneo tendaji na sabstreti "yana umbo sawa". Si kweli. Maumbo yao yanapokeana: penye shimo huku pana nundu kule, penye chaji chanya huku pana chaji hasi kule.

Maini: povu ndani ya sekunde

Jaribio hili ni la haraka, nalo hufurahisha hata wadogo wa nyumbani. Wakae mbali kidogo tu, maana peroksaidi haifai machoni na ikigusa ngozi huacha weupe unaowasha.

Kata vipande vitatu vya maini vinavyolingana. Kimoja kiache kilivyo, kimoja kitwange kwenye kinu, cha tatu kichemshe dakika tano kisha kipoze. Panga gilasi nne na kila moja tia vijiko viwili vikubwa vya peroksaidi. Gilasi tatu zipe maini, ya nne iache na peroksaidi peke yake ili uwe na cha kulinganishia. Usifunike gilasi wala usirudishe mchanganyiko kwenye chupa ukaifunga, kwa sababu gesi itatafuta pa kutokea.

Maini mabichi yatatoa povu mara moja. Yaliyotwangwa yatatoa kwa fujo zaidi, kwa kuwa seli zimepasuka na vimeng'enya vimekutana na peroksaidi kwa wingi. Yaliyochemshwa yatakaa kimya. Chukua kijiti cha mishkaki, kiwashe, kizime kibaki kaa jekundu, halafu kiingize juu ya povu bila kulichovya. Kaa litang'aa, pengine liwake moto tena. Hiyo ni oksijeni.

Kimeng'enya hapa ni katalesi. Kimeundwa kwa vipande vinne, na ndani ya kila kipande kuna hemu yenye chuma katikati, hemu kama ile inayoipa damu wekundu wake. Katalesi moja huvunja mamilioni ya molekuli za peroksaidi kwa sekunde, ikazifanya maji na oksijeni. Mwili huihitaji kwa sababu peroksaidi huzaliwa ndani ya seli zetu wenyewe na ni sumu. Ndiyo maana pia dawa hiyo hutoka povu ikitiwa kwenye kidonda: damu na nyama iliyochubuka zina katalesi.

Sasa fanya hatua ambayo wengi huiruka. Povu la maini mabichi likishatulia, mwaga maji yake, maini yabaki, utie peroksaidi mpya. Povu litarudi. Kilichokuwa kimekwisha ni peroksaidi, si katalesi.

Mate na uji wa muhogo: baridi si sawa na moto

Hili ndilo jaribio lenye faida kubwa kuliko yote, basi lipe muda.

Koroga nusu kijiko cha chai cha unga wa muhogo katika gilasi ya maji, chemsha huku ukikoroga mpaka upate uji mwepesi wa kung'ara, uache upoe kabisa. Sukutua kinywa kwa maji safi, subiri kidogo, halafu kusanya vijiko vitatu vya chai vya mate yako kwenye kikombe. Kila mtu atumie mate yake mwenyewe. Gawa mate mafungu matatu. Fungu la kwanza liache lilivyo. La pili liweke kwenye kikombe kidogo ndani ya sufuria ya maji yanayochemka kwa dakika kumi, kisha lipoze. La tatu liweke kwenye bakuli la barafu, pamoja na kikombe cha uji, ili vyote viwe baridi kabla ya kukutana.

Kwenye sahani nyeupe dondosha matone ya ayodini kwa mistari, tone moja kwa kila dakika utakayopima. Changanya kila fungu la mate na vijiko viwili vikubwa vya uji. Vikombe viwili vya kwanza viweke ndani ya maji ya vuguvugu, joto ambalo kifundo cha mkono hakilihisi wala kama moto wala kama baridi. Hilo ni takriban nyuzi 37. Cha tatu kibaki kwenye barafu. Kila dakika chukua tone kutoka kila kikombe ulikutanishe na ayodini, ukisuuza kijiko kila mara.

Tone la mwanzo litageuka buluu iliyokaribia weusi, rangi ya wanga na ayodini. Kikombe cha kwanza kitaanza kupoteza weusi huo, kikapita rangi ya zambarau na kahawia, mwisho ayodini ibaki na rangi yake. Huenda ikachukua dakika chache, huenda ikawa zaidi. Watu hutofautiana sana kwa wingi wa amilesi, kimeng'enya cha kukata wanga, kwenye mate, kwa hiyo usishindane na jirani. Amilesi imekata minyororo mirefu ya wanga ikawa vipande vifupi na sukari iitwayo maltosi, ambavyo ayodini haivitambui.

Kikombe cha mate yaliyochemshwa kitabaki cheusi. Cha barafu nacho kitabaki cheusi, au kitafifia polepole mno. Ukiishia hapo utadhani baridi na moto vimefanya jambo moja. Basi cha barafu nacho kitie kwenye maji ya vuguvugu, pamoja na kile cha mate yaliyochemshwa, uendelee kupima vyote viwili. Cha barafu kitaamka na kumaliza wanga wake. Cha mate yaliyochemshwa hakitaamka, hata ukikipa hadi magharibi.

Tofauti yao iko kwenye ule ufa. Baridi haikuharibu umbo. Ilipunguza tu mwendo wa molekuli, kwa hiyo wanga na amilesi vikawa havikutani mara kwa mara. Kuchemsha kulikunjua mnyororo, kuta za eneo tendaji zikatawanyika, na kupoa hakukuzirudisha. Kwenye ripoti usiandike kwamba kimeng'enya "kimekufa". Hakikuwa hai. Andika kwamba umbo la eneo tendaji limeharibika na sabstreti haipati tena pa kukaa. Kwenye karatasi ya tatu ya baiolojia, sentensi hiyo ndiyo inayobeba alama.

Ukitaka kupima asidi, ongeza kikombe chenye mate, uji na kijiko cha siki. Tumia siki, usitumie ndimu. Ndimu ina vitamini C, na vitamini C huifuta rangi ya ayodini, kwa hiyo utaona weusi ukitoweka na kudhani amilesi inafanya kazi kwenye asidi, kumbe ayodini yenyewe imekwisha. Siki itakuonyesha ukweli: amilesi husimama. Ndivyo inavyotokea ukimeza tonge likachanganyika na asidi ya tumbo, ambako pepsini huchukua zamu, kimeng'enya ambacho hufanya kazi vizuri kwenye pH, yaani kipimo cha asidi, ya karibu 2. Siki hiyo usiichanganye na peroksaidi ya jaribio lililopita. Vikikutana hutengeneza asidi nyingine inayochoma.

Chochote kilichoguswa na ayodini kimwagwe. Si chakula tena.

Jeli mbili, papai moja

Kimeng'enya huchagua kazi yake, na njia rahisi ya kuona uchaguzi huo ni kukipa vitu viwili vinavyofanana kwa macho lakini si kwa molekuli. Tengeneza jeli zote mbili kama pakiti zinavyoelekeza, zigande kwenye friji. Juu ya kila moja weka kipande cha papai bichi kilichotoka kumenywa, na kando yake kipande cha papai kilichochemshwa mpaka kikalainika na kupoa. Zirudishe kwenye friji zilale humo.

Usizifanyie jaribio hili mezani. Jelatini huyeyuka yenyewe kwa joto la nyuzi 30 hivi, na mchana wa Mombasa haujali mpango wako wa kisayansi. Utakuta maji kote na hutajua ni kazi ya papai au ya jua. Kwa kuwa papaini nayo hufanya kazi polepole kwenye ubaridi, subira ya usiku mmoja ni lazima.

Asubuhi, chini ya papai bichi jelatini itakuwa imekuwa maji. Chini ya papai lililochemshwa itakuwa imara. Na ile jeli ya mwani itakuwa imara kila mahali, papai bichi lisiifanye lolote. Jelatini ni protini, inayopatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama, basi inaingia kwenye ufa wa papaini. Jeli ya mwani hugandishwa kwa minyororo ya sukari kutoka mwani mwekundu, wa jamii ya ule unaolimwa Kibuyuni huko Kwale. Sukari haina kile kiungo ambacho salfa ya sisteini hukishambulia.

Nanasi bichi hufanya vilevile kwa kimeng'enya chake, bromelini. La mkebe halifanyi, kwa sababu limepashwa moto kiwandani.

Mishkaki

Kata steki vipande vya kawaida vya mishkaki, ugawe mabakuli matatu. La kwanza litie tangawizi, thomu na chumvi tu. La pili litie hivyo hivyo pamoja na kijiko kikubwa cha papai bichi lililokunwa na maganda yake, kwani utomvu mwingi uko karibu na ganda. La tatu litie kiasi hicho hicho cha papai, lakini lililochemshwa. Osha mikono baada ya kukuna. Utomvu huwasha, na mwenye mzio wa papai asiushike kabisa. Acha nusu saa, choma yote kwenye jiko moja, na mpe mtu aonje bila kumwambia kipi ni kipi.

Papaini haitulii pale nyama inapopanda jikoni. Kinyume chake, tofauti na amilesi ya mate, inastahimili joto vizuri na kasi yake hupanda hadi nyuzi 60 na kitu. Kazi nyingi ya kulainisha hufanyika wakati nyama inapopata moto, kabla joto halijaharibu umbo la papaini. Ndiyo maana nusu saa inatosha. Kulaza nyama na papai usiku kucha ni kuiharibu: sehemu ya nje inakuwa kama uji na ndani bado ni ngumu, kwa kuwa papaini haipenyi mbali. Na ushauri wangu, ambao baadhi ya wapishi wa mjini hawatakubaliana nao, ni kutia ndimu mwishoni. Ndimu nyingi mwanzoni huishusha pH mbali na kiwango ambacho papaini inakipenda, karibu na 6 hadi 7, na unakuwa umenunua papai bure.

Biringani halina maneno mengi. Kata vipande viwili, kimoja kipake ndimu, subiri. Kisichopakwa kitageuka kahawia kwa kazi ya kimeng'enya chenye shaba kwenye eneo lake tendaji, ambacho kinahitaji oksijeni ya hewa. Ndimu huvuruga pH, na vitamini C yake huzuia rangi isijengeke.

Ambapo mpangilio wa kazi ni afya yako

Muhogo hubeba kitu kiitwacho linamarini, na hubeba pia kimeng'enya cha kukivunja, linamaresi. Ndani ya mmea mzima havikutani: linamarini huwekwa ndani ya seli, linamaresi iko kwenye kuta zake. Ukikuna au kuponda muhogo, kuta zinapasuka, vinakutana, na mwishowe hutoka sianidi, ambayo ni sumu. Hilo lasikika kama sababu ya kutoukuna, lakini kwa muhogo mchungu ni kinyume. Ukiukuna, ukauloweka na kuuanika, kimeng'enya hupata nafasi ya kuvunja linamarini na sianidi huondoka na maji na hewa. Ukiutosa mzima kwenye maji yanayochemka, linamaresi huharibika kabla haijamaliza kazi na sehemu ya linamarini hubaki ndani ya chakula. Muhogo mtamu unaouzwa umekaangwa na kutiwa ndimu na pilipili pale Mama Ngina hauna linamarini ya kutisha. Mchungu uliotayarishwa kwa haraka wakati wa njaa ndio ulioleta konzo, ugonjwa unaopooza miguu, Msumbiji, Tanzania na Kongo.

Eneo tendaji hugombewa pia, na hapo sitaki ufanye jaribio lolote, soma tu. Pombe haramu iliyochanganywa na methanoli, aina ya pombe isiyofaa kunywewa, imeua na kupofusha watu wengi Kenya. Methanoli yenyewe si sumu kali hivyo. Ini lina kimeng'enya cha kuvunja pombe ya kawaida, na eneo lake tendaji huipokea methanoli pia kwa kuwa molekuli hizo zinakaribiana umbo. Inatoka fomaldehaidi, kisha asidi fomiki, nayo huushambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Hospitalini daktari hutoa dawa iitwayo fomepizoli, inayolishika eneo hilo tendaji kwa nguvu kuliko methanoli, au ikikosekana hutumia ethanoli, ile pombe ya kawaida, kwa vipimo maalumu. Methanoli ikikosa pa kuingia hubaki ilivyo, na mwili huitoa polepole au mashine ya figo huisafisha. Saa ndizo zinazoamua, kwa sababu asidi iliyokwisha kutengenezwa haizuiwi kwa kuziba ufa. Mtu akinywa kisha akaanza kuona ukungu machoni, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asisubiri kulala aone kama itamtoka.